Dahlia Iliyongoja Jalidi

Mimi sipendi Novemba inayocheka. Novemba ya kwetu Harrowburn ina kazi zake: imalizie kupukutisha majani, iwakohoze wazee, itie ukungu madirishani, halafu asubuhi moja itandaze jalidi, ule umande ulioganda ukawa mweupe juu ya kila kitu. Asubuhi hiyo ukitoka ukakuta majani ya maua yako ya dahlia yamekuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto, unajua mwaka umekwisha. Unachukua uma wa kulimia, unachimba viazi, ile mizizi minene ya ua lako, unavilaza kwenye sanduku la mchanga mkavu mpaka majira ya kuchipua. Ndivyo walivyofanya baba zetu, wachimba makaa walioshinda gizani chini ya ardhi na kupanda juu jioni wakitafuta kitu chenye rangi.

Mwaka ule Novemba ilicheka. Jua lilikuwa la Septemba. Wanaume walikwenda baa na mashati ya mikono mifupi, wakiisifu hali ya hewa utafikiri wameileta wao. Lakini bustani zilikuwa zimechanganyikiwa, na mwenye macho aliona. Mtofaa wa Norman Heslop ulitoa maua mapya huku matofaa ya mwisho bado yananing'inia. Vitunguu saumu nilivyopanda Oktoba vilirefuka wakati vilipopaswa kuwa vimelala. Vitunguu liki, fahari ya kijiji kizima, vilianza kutoa mashina ya mbegu, na konokono walinenepa kama wana wa mchinjaji. Nikasema mezani kwamba mmea unaoamka saa ya kulala utakuja kulipia. Mume wangu Alf, ambaye hajapata kushika jembe maishani mwake, akaniambia nile chakula kabla hakijapoa.

Bustani zetu ziko nyuma ya safu ya nyumba, kando ya reli ya mgodi, kila mtu na kipande chake na kibanda chake. Kipande changu kimepakana na cha mzee Cuthbert Raine. Alikuwa mchimba makaa aliyestaafu, mrefu, mkaidi, na mapafu yake yalijaa vumbi la mgodi hata ungemsikia anakuja kabla hujamwona. Januari ya mwaka huo alikuwa amemzika mkewe, Thirza. Tangu hapo alikuwa akila kwangu Jumapili, akisema asante kwa kichwa tu, na siku nyingine zote alishinda bustanini.

Thirza ndiye aliyekuwa na mkono wa kupanda. Wanaume wa kwetu hupanda dahlia kwa ajili ya ukubwa; wanataka ua linalolingana na kichwa cha mtu. Thirza alikuwa akipanda mbegu, jambo ambalo wenzake walimcheka kwalo, kwa sababu mbegu ya dahlia haifanani na mama yake. Ukipanda mbegu mia utapata maua mia tofauti, na karibu yote ni takataka. Kila mwaka aliyang'oa na kuyatupa kwenye mboji bila huruma. Kiangazi chake cha mwisho mche mmoja ulichanua, akauacha.

Sijaona ua kama lile. Petali zake zilikuwa rangi ya chai ya maziwa, na kila ncha imeguswa na wekundu, kama mtoto aliyeiba matunda akasahau kufuta mdomo. Thirza aliniita kulitazama, akasimama amejishika kiuno, anatabasamu tu. Alikuwa tayari anaumwa na mimi sikujua.

Njia ya kulihifadhi ua la namna hiyo ni moja, viazi vyake. Vikilala salama wakati wa baridi, mwakani utaliona tena lilelile. Vikifa, limekufa, na hakuna duka duniani litakalokuuzia jingine. Tena kwetu mche mpya haupewi jina mpaka uchanue viangazi vitatu bila kubadilika, maana mingine ni laghai, mwaka huu malkia, mwakani kijakazi. Kiangazi cha kwanza aliuona Thirza. Cha pili aliuona mumewe peke yake. Cha tatu ungepelekwa kwenye maonyesho ya Septemba na kupewa jina, na hakuna aliyehitaji kuuliza jina gani. Mzee Raine hakuwa na mtoto. Hakuwa na kitu kingine cha kuita Thirza.

Norman Heslop, katibu wa chama chetu cha maua, mtu mpole anayependa sheria kuliko supu, alimfuata mapema, Oktoba. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua wa miti nikichuma maharage ya mwisho, sikujificha.

"Mzee wangu," Norman akasema, "safari hii ukichimba, nigawie kiazi kimoja. Si changu, nakuwekea tu. Ua la pekee duniani liko kwenye shimo moja, mimi hata usingizi sipati."

"Thirza hakuligawa."

"Thirza alikuwa hai, mzee."

Norman alisikia alichosema, akavua kofia, akaivaa tena.

"Kiazi kikikatwa huingia uozo," mzee Raine akasema. "Alisema mwenyewe. Mwakani kitakuwa kimekua, tutaona. Nenda kaangalie mtofaa wako, umepata wazimu."

Ilipofika katikati ya Novemba na jalidi haijaonekana, mimi nilichoka kungoja. Nilichukua uma wangu nikachimba dahlia zangu zote, mbichi, zina maua juu. Ni kama kuvunja mwiko. Wanaume waliokuwa wakitoka zamu ya asubuhi walisimama getini na nyuso zao nyeusi za makaa, wakajipatia burudani ya bure.

"Doreen anazika wagonjwa kabla hawajakata roho," mmoja akasema.

"Na wewe ukiendelea kunywa hivyo nitakuchimbia papo hapo kando yao," nikamjibu. Wakaenda zao wakicheka.

Mzee Raine hakucheka. Alikuja mpakani akategemea mpini wa jembe, akanitazama nikikata mashina.

"Bibie, unachimba mbichi."

"Nachimba."

"Jalidi haijapiga."

"Naona. Na isipopiga?"

"Jalidi haijawahi kukosa kuja." Akapumzika kuvuta pumzi. "Thirza alikuwa akisema usiguse mpaka jalidi iseme. Ndiyo inayoyaambia majani basi, na utomvu ushuke kwenye viazi. Ukichimba kabla, unatoa mtoto tumboni kabla ya miezi yake. Subira yavuta heri, bibie."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, mzee."

Hapo akacheka kweli, mpaka kikohozi kikamshika akajifuta macho kwa mkono wa koti. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mazishi, na kwa sababu hiyo nikaliacha lile neno likapita. Nikarudi kwenye viazi vyangu nikiwa nimefurahi.

Sheria yenyewe haikuwa mbaya, nisimsingizie marehemu. Imehifadhi dahlia za Harrowburn tangu enzi za babu yangu. Ila ilitungwa na watu waliokuwa na Novemba ya kweli.

Mwisho wa mwezi zilianza mvua, za uvuguvugu, mchana kutwa. Udongo wetu ni mfinyanzi, ukilowa unakuwa uji. Kila mtu sasa aliingiwa na wasiwasi, hata wale wa getini, wakaanza kuchimba kimyakimya jioni nisiwaone, kana kwamba mimi ni mpumbavu. Bustani baada ya bustani ikabaki tupu. Kwa mzee Raine ule mche mmoja ulisimama umefungwa kwenye mti wake wa kuegemea, majani kijani, machipukizi mapya yanatoka kana kwamba ni Juni.

Nikavuka kwenda kwake na chupa ya chai. Tulikaa kibandani mlango wazi, tukitazama mvua.

"Mzee, sasa mimi nakuomba," nikasema. "Viazi vinakaa majini. Na hali hii ikigeuka itageuka ghafla. Nitachimba mimi, wewe shika ndoo tu."

Alikuwa akizungusha kikombe mikononi.

"Unajua Thirza alizaliwa lini?"

"Desemba."

"Tarehe kumi na tatu. Katika ndoa yetu yote sijawahi kumpa dahlia siku yake ya kuzaliwa hata mara moja. Zimekufa zote wakati huo. Nampa kadi na soksi. Mwaka mmoja nilimpa sufuria, akanirushia." Akatabasamu. "Alikuwa akisema, Cuthbert, nilizaliwa mwezi wa wafu, mama yangu hakuwa na adabu. Sasa tazama pale, bibie. Lile chipukizi la juu. Nimelipima kila siku. Litakuwa limefunguka kwa siku yake. Ua lake mwenyewe. Kisha nitachimba, hata jalidi isipokuja. Naapa."

Ungemwambia nini? Kwamba viazi ni muhimu kuliko siku ya kuzaliwa ya maiti? Nikamwongezea chai. Moyoni nilikuwa nikiomba lile ua lifunguke upesi, na nikaomba vilevile mvua ikome, na maombi yote mawili yalijibiwa.

Tarehe kumi na mbili alikuja mpiga picha wa gazeti la wilaya, maana dahlia ya Desemba ilikuwa habari. Akampiga picha mzee Raine kando ya lile ua lililokuwa karibu kufunguka lote, amesimama wima kama anapimwa nguo. Gazeti letu miaka ile lilikuwa la nyeusi na nyeupe tu. Sikuliwazia hilo wakati ule, wala hakuna aliyeliwazia.

Asubuhi ya tarehe kumi na tatu alinigongea. Alivaa suti ya mazishi na viatu vilivyong'arishwa, na mkononi, ndani ya mtungi wa jemu uliofungwa kamba, lilikuwamo lile ua. Limefunguka lote. Mvua ilikuwa imekatika, kukawa na jua jepesi, na chai ile ya maziwa ilikuwa kana kwamba inawaka kwa ndani.

"Twende bibie," akasema. "Mimi peke yangu nitaonekana mjinga."

Tukapanda kilima cha kanisa taratibu, akisimama kila baada ya nyumba chache kuvuta pumzi. Watu walitoka milangoni kutazama. Mke wa mchinjaji alijifuta macho kwa aproni. Makaburini alipiga magoti kwa shida, akauchimbia mtungi kidogo ili usianguke, akaligeuza ua litazame jiwe la kaburi.

"Haya, Thirza," akasema. "Nimechelewa miaka, lakini nimeleta."

Nikasogea mbali kidogo kumwachia nafasi. Aliongea naye muda, sikusikia nini. Aliporudi uso wake ulikuwa uso wa kijana. Nisikufiche, na mimi nilifurahi sana. Nilidhani tumeshinda.

Tulipokuwa tukishuka ndipo nilipohisi upepo. Ulikuwa umegeuka, unatoka kaskazini mashariki, mkavu, na mawingu yalikuwa yakikunjwa kutoka upande wa bahari, yakiacha anga tupu, safi mno. Nikamshika mkono.

"Mzee, nenda kabadili nguo. Tuchimbe sasa hivi."

Alitazama angani. Aliona, yeye si mtoto. Midomo yake ilikuwa ya buluu kwa kile kilima, na kifua kilikuwa kikipiga filimbi.

"Ndiyo jalidi yenyewe hiyo," akasema taratibu, na nikasikia furaha katika sauti yake. "Unaona? Imengoja siku yake ipite. Leo itayachoma majani, kesho nachimba. Kama alivyotaka mwenyewe, bila kukosa hatua hata moja."

"Nichimbe mimi basi, wewe ukapumzike."

"Usiuguse, Doreen."

Hakuwahi kuniita Doreen. Nikaacha mkono wake. Ule ulikuwa mche wa Thirza na yeye alikuwa mume wa Thirza. Mimi nilikuwa jirani.

Asubuhi bomba la jikoni kwangu lilikuwa limepasuka kwa maji kuganda ndani. Haikuwa jalidi iliyokuja. Jalidi ni mgeni anayebisha hodi. Huyu alivunja mlango. Maji yote yale ya mvua yaliyokuwa yamekaa kwenye udongo yaligeuka jiwe, na baridi ikaendelea kushuka chini kama mtu anayeteremka ngazi. Nilipofika bustanini mzee Raine alikuwa tayari pale. Mche wake ulikuwa mweusi, umelala juu ya mti wake kama nguo iliyosahauliwa kambani. Alikuwa ameusimamisha uma ardhini na kuukanyaga kwa miguu miwili, na haukuingia hata ncha.

Alf, yule asiyeshika jembe, alikuja na sururu ya mgodini bila kuitwa.

"Si hiyo," mzee Raine akasema. "Utavikata shingo. Kiazi cha dahlia kikikatwa shingo hakichipui."

"Mzee, tutazungushia mbali."

"Si hiyo, mwanangu."

Basi tukafunika. Kila mtu alileta alichonacho: majani makavu, magunia, na mzee mwenyewe aliburuta zulia la sebuleni kwake, zulia jekundu ambalo Thirza hakuwa akiruhusu mtu alikanyage na viatu. Tukalitandaza kwenye udongo. Kisha akaleta taa yake ya zamani ya mgodini, ile ya mafuta, akaiwasha akaifunika na ndoo juu ya pale mche ulipokuwa, ili ipashe chini. Kila siku alikwenda kuijaza mafuta. Alikaa kwenye kiti kibandani amejifunga blanketi, akitazama ndoo. Ilipofika Krismasi nilimpelekea sahani ya bata na pudingi, akala kidogo akiwa palepale, mvuke wa chakula ukimpanda usoni.

"Taa hii ilinitoa salama mgodini miaka yote," aliniambia. "Haijawahi kuniangusha."

Baridi haikuachia hata siku moja mpaka Januari ikafika katikati. Udongo ulipolainika ilikuwa karibu mwaka kamili tangu tumzike Thirza, na hilo sote tulilijua bila kulisema. Norman alikuja, na mimi, na Alf. Tukasimama kandokando ya lile zulia, likiwa limeoza pembe, na mzee Raine akaingiza uma mwenyewe, mbali na shina, kwa uangalifu wote wa dunia.

Harufu ilitoka kabla ya viazi. Mwenye bustani anaijua. Alipiga magoti akaendelea kwa mikono, na vilitoka kati ya vidole vyake kama uji wa kahawia. Aliomba ndoo ya maji. Akachukua kila kipande kilichobaki na umbo, akakiosha, akakigeuza, akakibonyeza kwa kidole gumba akitafuta jicho moja tu gumu. Maji yakachafuka, nikambadilishia. Yakachafuka tena. Norman aligeuka akaenda kusimama nyuma ya kibanda, na nilisikia akipenga kamasi.

"Hiki," mzee Raine akasema mwishowe. Kilikuwa kipande kidogo kama kidole, kigumu kidogo upande mmoja. "Hiki kina uhai. Kishike, bibie."

Nikakishika. Kilikuwa baridi na kizito, na upande wa chini kidole changu kiliingia ndani.

"Labda," nikasema.

Akakipanda kwenye chungu, akakiweka dirishani jikoni kwake, juu ya sinki, mahali Thirza alipokuwa akiweka miche yake. Februari yote sikumuuliza. Asubuhi moja ya Machi alinigongea bila kofia, hana koti, anahema. "Njoo," akasema. "Njoo tu."

Kwenye chungu kulikuwa na kijani. Majani mawili madogo kama kucha ya mtoto, yamesimama katikati ya udongo. Mzee alikuwa ameshika ukingo wa sinki kwa mikono yote miwili.

"Nilikwambia," akasema. "Nilikwambia kina uhai."

Mimi nimepalilia bustani tangu nikiwa msichana. Nilijua mara ile ile kwamba ni kwekwe, gugu la kawaida tunalong'oa kwa mafungu kulisha kuku. Nikasimama pale nikitamani kufa. Nilisema tungoje likue tuone, na nilikuwa najichukia, maana neno hilo la kungoja ndilo lililotufikisha pale. Lakini yeye naye alikuwa mkulima. Alinitazama usoni, akalitazama jani, akainama karibu sana, akabaki ameinama.

"Ah," akasema.

Hakuling'oa. Alilimwagilia maji mpaka likatoa maua yake meupe madogo yasiyo na maana, likafa lenyewe.

Septemba ilifika na maonyesho yetu, katika ukumbi wa wachimba makaa kama kawaida. Meza ndefu zenye karatasi nyeupe, dahlia kubwa za wanaume zimevimba, liki zimelala kama wafalme. Dahlia zangu nilizochimba mbichi zilipata tuzo ya pili, na sikuweza kuzitazama. Katika sehemu ya miche mipya, ile iliyoandaliwa kwa kutoa majina, mzee Raine alikuja na mtungi wa jemu wenye maji safi, akauweka mezani. Hakuna ua ndani. Mbele yake akaweka kadi ya jina, imeandikwa kwa mkono wake mzito: Thirza.

Mwamuzi alikuwa mgeni kutoka mjini, hakujua lolote. Alisimama, akatazama mtungi, akatazama kadi, akatazama huku na huko kama anayetafuta nani anamfanyia mzaha. Kisha akafanya kazi yake. Akaandika juu ya kadi maneno yanayoandikwa siku zote, haikutimiza masharti, akaendelea na mtungi unaofuata.

Nilimvaa Norman palepale. "Mwambie afute. Mwambie sasa hivi au nitamwambia mimi na hataipenda lugha yangu."

Norman alikuwa amekauka kabisa. "Doreen, ni sheria. Ua halipo."

"Mwache bibie," mzee Raine akasema nyuma yangu. "Kweli halipo."

Jioni tulirudi nyumbani pamoja, yeye amebeba mtungi wake mbele ya kifua, anatembea polepole maji yasimwagike, sijui kwa nini. Getini pa bustani akasimama kupumzika. Alikuwa amekonda sana mwaka ule, na hakuishi kuuona mwingine.

"Ile picha ya gazeti ninayo," akasema. "Nimeitundika. Lakini haina rangi."

"Najua, mzee."

"Nikifumba macho zamani nilikuwa naliona. Siku hizi naona ile picha tu, la kijivu." Alikuwa akitazama maji kwenye mtungi. "Wewe uliliona vizuri, bibie. Una macho. Niambie lilikuwaje."

"Rangi ya chai ya maziwa," nikasema.

"Chai ya maziwa. Ndiyo. Na ncha?"

Nikafungua mdomo. Nikaona mkono wa Thirza kiunoni, nikaona tabasamu lake, nikaliona ua lote hadi ukingoni kabisa, na pale ukingoni sikuwa na hakika tena. Huenda ulikuwa wekundu. Huenda ilikuwa zambarau. Yeye alikuwa akiningoja.

"Nyekundu," nikasema.

"Nyekundu," mzee Raine akarudia, akaitikia kwa kichwa mara kadhaa ili asisahau, na akaendelea kutembea na maji yake.